Ushahidi wa Dawa Si Kauli ya Shahidi Mmoja

Neno 'ushahidi' tumelizoea mahakamani, ambako mtu mmoja aliyeona kwa macho yake aweza kuamua kesi. Hospitalini neno hilo hilo lina maana nyingine, na nachelea kwamba wengi wetu hatujaizingatia tofauti hiyo. "Mimi niliitumia nikapona" ni kauli ya shahidi. Haitoshi kumfanya daktari amdunge mtoto wa mwenzako.

Tuchukue kwinini. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa wa malaria kali. Madaktari waliiamini, wala hawakukosa sababu, kwani waliwaona watoto waliozimia wakizinduka. Kisha ikaja atesuneti, itokanayo na mmea wa China wa jamii ya pakanga. Ipi bora? Uzoefu wa daktari, hata awe na mvi, usingeweza kujibu, maana wengi hupona kwa dawa zote mbili na baadhi hufa kwa zote mbili.

Ilibidi kuhesabu. Watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, waligawanywa kwa kura: nusu kwinini, nusu atesuneti. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109 hivi. Kwa atesuneti, 85. Hakuna muuguzi ambaye angeiona tofauti hiyo wodini mwake, lakini ni watoto 24. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti itangulizwe.

Kamati ya dawa ya hospitali hupima hesabu za namna hii, pamoja na bei, madhara na kazi itakayowaangukia wauguzi. Dripu ya kwinini huchukua saa nne. Lakini aghalabu mambo hayo hujadiliwa kwa Kiingereza kitupu. Mzazi anayeuliza mbona mdogo hapewi dawa iliyomponya kaka yake huambiwa tu, "Imebadilishwa." Hilo si jibu.

Sioni kwa nini mwanafunzi wa sekondari asiweze kueleza, kwa Kiswahili sanifu, sababu ya kupiga kura badala ya kumwachia daktari achague. Daktari mwenye huruma angempa dawa mpya mtoto aliye hoi zaidi, na dawa hiyo ingesingiziwa vifo visivyo vyake.