Mabanio ya Usangu yafungwe kiangazi

Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga foleni ya maji bila kumung'unya maneno. Wa kwanza ni binadamu na matumizi yake ya nyumbani. Wa pili ni mto wenyewe, yaani kiasi kinachopaswa kubaki mtoni ili viumbe vyake viishi. Kilimo, umeme na viwanda husubiri nyuma ya hao wawili. Katika Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, foleni hiyo imepinduliwa. Mpunga umetangulia, na samaki wa Ruaha Mkuu huachiwa masalia, ambayo kila kiangazi kinapokolea huwa ni mchanga mtupu.

Mto huu ulikauka kwa mara ya kwanza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kumekuwa mazoea. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba kufikia 2010 maji yangetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ukapita. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akaunda kikosi kazi cha kuunusuru. Katikati ya hayo, 2006 na 2007, wafugaji na mifugo yao walitimuliwa kwenye Ihefu, kinamasi cha bonde hilo, na mto ukaendelea kukauka. Ng'ombe alikuwa mshtakiwa rahisi, maana hana kibali cha maji wala wa kumsemea.

Ukweli wa Usangu uko kwenye mwamba. Maji ya mito ya bonde hilo huingia kinamasi cha Ihefu, na njia yake ya kutokea ni kizingiti cha mawe pale Ng'iriama. Kina cha kinamasi kikishuka chini ya kizingiti hicho, hakuna tone linalovuka kwenda hifadhini, hata kama Ihefu yenyewe bado ina maji. Watafiti walishapiga hesabu zamani: ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde ivuke Ng'iriama wakati wa kiangazi, Ihefu inahitaji kupokea takriban mita 7 za ujazo kwa sekunde. Walipopima, ilikuwa ikipokea kama 4. Pengo hilo ndilo linalotakiwa kuzibwa, na linazibwa kwa kushusha milango ya mabanio, yale yanayoyageuza maji ya mito kuingia mifereji ya mashamba.

Atakayeona hayo ni madogo na ashuke mtoni mwezi Oktoba. Mto umekatika vidimbwi. Viboko wamebanana humo, na kinyesi chao, ambacho maji yanayotembea yangekichukua, kinatuama, kinaoza na kumaliza oksijeni. Perege huja juu wakitweta, midomo nje. Kambale, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa, hustahimili zaidi topeni, mpaka mamba au korongo amfikie. Hao wanaokufa ndio mbegu. Maji ya mafuriko yakirudi, samaki wa kutaga ni wachache, na mvuvi wa huko chini hulipia banio ambalo hajawahi kuliona.

Tuseme pia lisilopendwa kusemwa na wahandisi. Mabanio ya zamani ya mawe, miti na majani yalivuja, na kuvuja kwake kuliuacha mto upumue. Yalipojengwa ya zege yenye milango ya chuma, kwa jina la ufanisi, mkulima wa juu alipata uwezo wa kuumeza mto mzima pale unapokuwa mwembamba. Vibali vingi vya maji navyo vikatolewa kana kwamba mto wa Aprili ndio huohuo wa Oktoba.

Wapo wanaojibu kwamba mifereji haiwezi kufungwa kwa sababu vijiji vinakunywa humo. Hoja hiyo ni ya haki, na tunaikubali. Mama anayechota ndoo mferejini huko Usangu ana nafasi ya kwanza kwenye foleni ya sheria, na hakuna samaki anayemtangulia. Lakini ndoo zake ni sehemu ndogo mno ya maji yanayopita. Mengi huishia kwenye majaruba yaliyokwishavunwa, yakalowanisha mabua na kupotea kwa jua. Kisima kirefu kingempa maji safi kuliko hayo anayogombania na mbuzi. Kuchimba visima hivyo ni kazi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na visipochimbwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji itaendelea kuwa na kisingizio.

Bodi hiyo haihitaji sheria mpya, semina wala kikosi kazi kingine. Ina mamlaka juu ya vibali. Ivibadilishe, kila kimoja kiwe na kiwango cha masika na kiwango cha kiangazi. Ifunge kwa kufuli kila banio ambalo shamba lake limeshavunwa, likiwa la mwekezaji au la skimu ya wakulima wadogo, na ianze na la mwekezaji. Kila wiki, Julai hadi Novemba, ibandike katika ofisi za vijiji vya juu na vya chini kiasi kilichoingia Ihefu na kiasi kilichovuka Ng'iriama. Kila banio liwe na afisa mmoja anayejulikana kwa jina, na atakayekutwa lake likiwa wazi Oktoba bila maelezo, awe ameondolewa kwenye nafasi hiyo kabla ya Novemba.