Taa ya kijani haitoshi: mutuonyeshe namna munarudisha

Leo nitazungumuza juu ya kitu chenye hakina vumbi wala jasho. Ni kale kasanduku keusi kenye kanakaa pembeni ku biro ya mishahara, kanawaka taa ya kijani mchana na usiku, na wakubwa wanatuambia kanachunga kopi ya kila kitu. Mutasema: "Baba, hiyo ni mambo ya baingenieri." Minakataa. Mule ndani njo munalala miaka yenu ya kazi.

Nilitumika miaka ine kama pwenteri, yule wa kuandika nani ameingia na nani ametoka, ku kompanyi moja yenye ilikuwa inachukua kazi chini ya kompanyi kubwa. Jina yake naiacha. Pale tulikuwa na serveri moja, ni kusema ordinatere kubwa yenye inachunga pwentaji, mishahara na siku za konji. Ndani yake kulikuwa diski mbili: chenye unaandika kwa moja, kinajiandika kwa nyingine pale pale. Halafu, kwa njia ya rezo, kila usiku saa tano programu ilikuwa inakopia vitu vya serveri na kuvipeleka mu kale kasanduku. Kazi yangu ya kila siku ya tano ilikuwa kuangalia taa. Ikiwa ya kijani, ninaandika mu kaye "sawa" na kutia sinyatire. Nilitia sinyatire nyingi sana.

Musimu wa mvua mumoja, radi ikapiga. Munajua namna radi inapiga huku kwetu. Serveri ikakufa, na diski zote mbili zikakufa pamoja, maana zilikuwa mu sanduku moja na zinakula umeme moja. Hapo watu wengi wanadanganyika. Diski mbili za kuigana zinasaidia kama moja imechoka peke yake. Lakini ukifuta kitu kwa moja, kinafutika kwa nyingine dakika ile ile, na radi haichagui ya kushoto ao ya kuume. Hiyo haiko kopi ya akiba. Ni mapacha wenye wanalala kitanda kimoja.

Chefu wa personeli hakuogopa. "Tuko na kasanduku," akasema. Tekinisie akatoka Lubumbashi na serveri mupya, akafungua kopi. Alipata mishahara ya zamani, mistari safi, majina yote. Akashuka chini, akashuka tena. Miezi kumi na ine ya mwisho haikuwepo.

Sababu ilikuwa ndogo ya kukasirisha. Miezi kumi na ine mbele, walibadilisha programu ya pwentaji, na ile mupya ikaanza kuandika mahali pengine mu serveri. Hakuna mutu aliambia programu ya kopi. Yeye aliendelea kila usiku kukopia mahali pa zamani, penye hapakuingia tena kitu, na kila asubui aliandika: kazi imeisha vizuri. Taa haikusema uongo. Ilifanya kile waliituma. Mimi njo niliandika "sawa" bila kufungua hata fishi moja.

Kulikuwa bado na bahati moja. Mashini za kupitisha badji ku mulango zinachunga ndani yao maingilio ya majuma ya mwisho. Lakini serveri mupya waliipa adresi ingine, mashini zikaitafuta zisiione, na tekinisie kwa haraka akazirudisha kwa sufuri ili zianze upya. Zikaanza upya kweli. Zikasahau na yale majuma matatu yenye zilikuwa nayo. Kama wangeipa serveri mupya jina na adresi ya ile yenye imekufa, mashini zingemwaga zenyewe kile zilichunga. Lakini hiyo hakuna mutu aliiandika mahali popote. Ilikuwa mu kichwa cha mutu mumoja, na yeye alikuwa alishaacha kazi.

Sasa muangalie nani alilipa. Walitangaza: kila mutu alete fishi zake za mushahara. Muzee mumoja wa kupiga mine, mwenye tulikuwa tunamuita Papa Mapasa, alileta tano juu ya kumi na ine. Zingine maji yaliingia mu nyumba, zingine watoto walifunikia makaye ya masomo. Kwa miezi yenye haina fishi, kompanyi ilimuhesabia siku za kawaida tu: hakuna saa za kuongeza, hakuna usiku, hakuna siku ya Mungu. Mutu mwenye alishuka poste tatu usiku kwa kila juma! Alikuja ku biro yangu, akasimama, akauliza kwa sauti ndogo: "Mutoto, si wewe njo ulikuwa unaniandika?" Nilikuwa mimi. Nilikumbuka hata kofia yake. Lakini kumbukumbu yangu haikuwa na stempu.

Juu ya ile swali, leo ninaandika.

Kila mwisho wa mwezi, ku mushahara wako wanatosha 5 kwa mia ya pensheni, na mwenye kukutumikisha anaongeza 5 kwa mia yake, na yote inapaswa kwenda CNSS na jina lako na namba yako. Siku ya kuomba pensheni wanahesabu miezi. Kama mwezi moja haionekane, swali ni moja tu: nani ana ushuhuda? Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaomba mwenye kutumikisha akupatie karatasi ya hesabu kila mara anakulipa. Ile karatasi uichunge, mama aitie mu sashe ya plastiki, ipande juu ya kabati, mbali na maji na muchwa. Siku hizi unaweza hata kuipiga foto na telefone na kuituma kwa mutoto mwenye anaishi muji mwingine. Hiyo ni vizuri, na nitarudilia kuisema. Lakini tusikubali mutu akituambia: "Si mulipewa karatasi, shauri yenu." Karatasi ni akiba ya mufanyakazi. Haiondoe deni ya kompanyi ya kuchunga hesabu yake yenyewe.

Wengine watasema, hizo ni shida za kompanyi ndogo. Apana. Maersk munaiona kila siku: makontenere yake yanapita ku barabara ya Kasumbalesa na mukuba wetu ndani. Tarehe 27 Juni 2017, virusi moja yenye waliita NotPetya iliingia mu rezo yake kupitia programu ya hesabu yenye watu wa Ukraine wanatumikisha. Kisha muda kidogo maordinatere yakazimika mu dunia muzima, malori yakapanga mustari inje ya bandari, hakuna mwenye alijua kontenere gani iko ya nani.

Maersk walikuwa na makopi, si maneza. Kopi za serveri nyingi zilikuwepo. Chenye kilikosa ni kitu kimoja: zile serveri zenye zinachunga majina yote, nani anaruhusiwa kufungua nini. Zilikuwa karibu 150, na kila moja ilikuwa kopi ya mwenzake, wote wanaigana, sawa zile diski zetu mbili. Walifikiri hiyo inatosha, maana 150 haziwezi kufa siku moja. Zilikufa siku moja. Na bila zile, kopi zingine zote zilikuwa sawa vyumba vyenye vitu vimejaa, lakini ufunguo hakuna.

Ilibakia moja tu. Ilikuwa Ghana. Mbele ya virusi kufika, umeme ulikatika kule, serveri ikazimika, ikatoka ku rezo, na virusi haikuiona. Ninyi wenye munatukana umeme kila usiku, muchekeni kidogo. Intaneti ya Ghana ilikuwa ndogo ya kutuma vitu vyote mpaka Uingereza. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza. Basi mumoja alibeba diski mu ndege mpaka Nigeria, akamupatia mwenziwe ku uwanja wa ndege, na huyo akaifikisha London. Kwa siku kumi walirudilia kutengeneza serveri 4 000 na maordinatere 45 000. Hasara waliihesabu kati ya milioni 250 na milioni 300 za dola. Kompanyi yenye meli za dunia muzima iliokolewa na kukosa umeme!

Na kama munafikiri ni virusi tu: tarehe 10 Marsi 2021, mu Strasbourg kule Ufaransa, nyumba moja ya serveri ya kompanyi OVH iliungua. Kati ya wateja kulikuwa wenye walilipa kusudi kopi yao ichungwe mbali. Mumoja alikuta kopi yake ilikuwa mu ile ile nyumba yenye iliungua. Aliwapeleka mahakamani, na mwaka 2023 tribinali ya biashara ya Lille ikasema OVH ilipe, maana mukataba uliahidi kopi itatengwa. Badelege wetu wasome hapo mara mbili. Yule mutu alishinda juu iliandikwa.

Kwa hiyo sitaki tuombe kununuliwa kasanduku kakubwa zaidi. Kompanyi itakanunua, itapiga foto, na tutarudi ku taa ya kijani. Tuombe kitu kingine: ku mukutano wa delegasio sindikale, mara moja kwa miezi tatu, mbele ya delege wawili, wachukue ordinatere yenye haina kitu, wachukue kopi, watoshe fishi ya mutu mumoja ya juma lililopita. Jina tulichague sisi, na yeye akubali kwanza. Wasiichague wao. Na waandike ilichukua saa ngapi. Ikitoka, tupige mikono. Kama haitoke, tumejua leo, mbele ya radi.

Siku ile ya kujaribu, maswali mengine yatajitokeza yenyewe. Kopi ya pili inalala wapi? Mu biro ile ile, ao mu muji mwingine? Kuna moja yenye haifungwe na rezo kabisa, yenye virusi haiwezi kugusa hata ikitaka? Neno la siri la kufungua kopi liko wapi? Hapa nimeona maajabu: neno la siri limeandikwa vizuri kabisa, ndani ya serveri yenyewe. Ikikufa, inakufa nalo. Liandikwe ku karatasi, mu amvelope ya kufungwa, mu kofre. Na programu ikibadilishwa, nani ana kazi ya kwenda kuangalia kama kopi inafuata mahali papya? Jina la mutu, si "serivisi informatiki".

Najua majibu ya wakubwa, niliyasikia. Ya kwanza: mishahara ni siri, hatuwezi kufungua mbele ya delege. Ni kweli ni siri, njo sababu tunaomba fishi ya mutu mumoja mwenye amekubali. Ya pili: inakula muda, mutambo unangojea. Mutambo unasimama siku muzima kwa kubadilisha mukanda wa kubeba mawe, na hakuna mwenye analia. Ya tatu inasemwa kwa kucheka: "Ninyi watu wa mugodi mutaelewa nini?" Bwana, mutu mwenye anashuka chini anajua kitu kimoja kuliko wewe. Kamba ya kuokoa haiangaliwe na macho. Inavutwa na uzito. Kabla ya kushusha mutu, tunashusha jiwe.

Kuna upande wetu vilevile, na sitauficha. Badelege wengi wanaingia ku mukutano na maneno mawili tu: mushahara na unga. Ni haki yao, tumbo haingojee. Lakini saa za kuongeza zenye zimepotea mu serveri ni mushahara vilevile, na hakuna mwenye alizipigania mu ile kompanyi yangu, juu hakuna mwenye alijua ni kitu cha kupigania. Hata mimi, mwenye nilikuwa ndani, nilifikiri ni ajali ya radi.

Mahali ninatumika sasa, tulijaribu mwaka huu. Chefu wa informatiki alikuwa kijana mwema, akasema itachukua nusu saa. Ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza kopi haikufunguka, maana neno la siri lilikuwa na mutu mwenye alikuwa konji, telefone yake imezimwa. Siku ya pili ilifunguka, na tukaona kopi ya konji iko muzima, kopi ya mishahara iko muzima, lakini pwentaji ya poste ya usiku haikuwemo. Ya mchana tu. Kijana akatoka jasho. Akarekebisha mbele yetu, akangoja saa tano ya usiku, na asubui tukarudilia na jina la mama mumoja wa kantini mwenye anaanza kazi saa tisa ya usiku. Alisimama nyuma yetu na aproni yake, anaangalia ekra. Jina lake likatoka, na saa yake ya kuingia, siku kwa siku. Alihesabu na kidole. Kisha akasema siku ya ine inakosa dakika makumi mbili, na alikuwa na haki.