Kutazama Si Kurusha



Muhula uliopita palizuka mabishano makubwa bwenini kwetu. Swali lilikuwa hili: je, mtu aweza kujifunza kurusha ndege ya vita, walau ile ya kompyuta, kwa kutazama video za mafunzo tu? Wengine walisema kwamba siku hizi hapana jambo lisilofundishwa na video, hata mwalimu hahitajiwi tena. Wengine walisema kwamba mambo hayo yote ni upuuzi wa kupotezea wakati, na kijana anayeyapenda hatafaulu mtihani. Taa zilizimwa kabla hatujapatana. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na nina haki ya kusema hivyo, kwa maana nimepata kuwa mjinga wa upande wa kwanza, na nimepata kuadhibiwa na watu wa upande wa pili.

Kwetu ni Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA hukutana na barabara kuu iendayo Zambia, na ambapo barabara ya Njombe na Songea huanza. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana duka dogo la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi. Katika kompyuta yake moja yenye nguvu aliweka programu iitwayo FlightGear. Programu hiyo ni ya bure. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiijenga tangu mwaka 1997. Ndani yake zimo ndege ndogo za wanafunzi, ndege za abiria, na ndege za kivita. Ukiishika vizuri, hufuata kanuni za ndege ya kweli: ukipunguza mwendo kupita kiasi, itaanguka, ukigeuka vibaya, itaanguka, ukisahau magurudumu, utatua kwa tumbo.

Likizo ya Desemba niliamua kuwa rubani wa vita. Kila usiku nilijifunika blanketi nikatazama video katika simu ya mama. Nilitazama jinsi ya kuondoka, jinsi ya kumfuata adui kwa nyuma, jinsi ya kubadili kimo kuwa mwendo na mwendo kuwa kimo. Nilitazama video zipatazo arobaini. Sikuandika hata mstari mmoja. Bando la shilingi 1,000 liliisha, nikanunua jingine, na fedha hiyo ilikuwa ya mbolea ya viazi. Nalikiri hapa hadharani, kwa kuwa baba yangu alikwisha kujua.

Asubuhi niliyokaa mbele ya kompyuta, kabla wateja hawajafika, nilichagua ndege ya jeti moja kwa moja. Kuondoka niliondoka. Lakini kila niliporudi kutua nilikuja kwa kasi mno, kisha nikainua pua kwa hofu, bawa likaacha kubeba, na ndege ikaanguka kama jiwe. Nilianguka mara kumi na moja. Ajabu ni kwamba kichwani nilijiona najua kila kitu. Ningeulizwa maswali ningeyajibu vizuri. Mikono ndiyo iliyokuwa haijui.

Nina mdogo wangu wa kike, wakati ule alikuwa Kidato cha Pili. Yeye alitazama video moja tu, ya kutua kwa ndege ndogo ya mafunzo, lakini aliitazama mara tatu na daftari mkononi. Aliisimamisha kila hatua akaandika: mwendo gani, kimo gani, mkono wa injini urudishwe lini. Siku ile umeme ulikatika mchana kutwa. Alichukua katoni, akachora juu yake saa zote za mbele ya rubani, akakaa juu ya kigoda, akawa anarusha ndege isiyokuwapo huku akisema hatua zake kwa sauti. Sote tulimcheka. Umeme uliporudi jioni alikaa kwenye kompyuta. Jaribio la kwanza alianguka, la pili alitoka nje ya njia, la tatu alitua salama. Akanigeukia akasema, "Kaka, wewe unatazama kama watu wanavyotazama mpira."

Sijasahau neno hilo. Mtu aweza kutazama mpira miaka ishirini na asiweze kupiga kona.

Baadaye nilisoma nikakuta kwamba alilofanya mdogo wangu si mzaha. Marubani wa kweli nao hukaa kwenye kiti wakarudia hatua zao mbele ya picha ya mitambo, kabla ya kupanda ndege. Na kompyuta yenyewe ya urubani ina babu yake. Mwaka 1929 huko Marekani, kijana aitwaye Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mivuo na pampu za vinanda akatengeneza ndege ya kujifunzia isiyoondoka chini. Iliinama na kugeuka kama ndege, lakini ilikuwa imesimama sakafuni. Kwanza watu waliiona kama mchezo wa sherehe. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa katika mawingu na baridi kwa kuwa hawakuzoea kurusha kwa kusoma saa peke yake. Ndipo jeshi likanunua mashine sita za Link. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu kwa maelfu ya marubani walijifunza ndani yake. Basi anayesema kwamba ndege ya kuigiza ni upuuzi, na akumbuke kwamba ilithaminiwa baada ya watu kufa. Mpaka leo marubani wa ndege za abiria hurudi mara kwa mara katika mashine za namna hiyo, ili waonje hatari ambazo hakuna mwenye akili angezijaribu angani na watu nyuma yake.

Ama kuhusu video, tunao mfano wa jirani. Julius Yego wa Kenya alipenda kurusha mkuki katika nchi iliyojulikana kwa wakimbiaji. Hakuwa na kocha wa mkuki. Alikwenda kwenye duka la intaneti akatazama video za warushaji mashuhuri, kama vile Jan Železný, kisha akatoka kwenda uwanjani kujaribu alichokiona. Mwaka 2011 alishinda Michezo ya Afrika mjini Maputo. Mwaka 2015 mjini Beijing alikuwa bingwa wa dunia kwa mita 92.72, na mwaka 2016 alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio. Watu humwita Bwana YouTube, na wenzangu bwenini walimtaja kwa kelele kuwa ndiye shahidi wao. Lakini walisahau sehemu mbili za habari yake. Kwanza, kila alichotazama alikifanya kwa mkono wake, maelfu ya mara. Pili, baada ya ushindi wa Maputo alipata nafasi ya kwenda Finland kufundishwa na kocha. Video ilimfikisha mlangoni. Haikusema kwamba mwalimu hana kazi.

Nami nililiona jambo hilo hapa shuleni. Video moja ilisema, "Ukigeuka kwa ukali usivute mno." Kwa nini? Haikueleza. Nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia baada ya kipindi. Alichukua chaki akachora ndege iliyoinama nyuzi 60, akasema kwamba kosaini ya 60 ni nusu, kwa hiyo ili ndege isishuke, mabawa hayana budi kubeba uzito mara mbili. Kisha akaonyesha kwamba ndege ambayo ikienda sawasawa huacha kubebwa kwa mwendo wa 100, katika kona ile itaanguka hata ikiwa na mwendo wa 140, maana kipeuo cha pili cha 2 ni 1.41. Dakika kumi tu. Nilielewa sababu ya nusu ya maanguko yangu, na nilielewa pia kwa nini trigonometria imewekwa katika muhtasari.

Tena video nyingi hutengenezwa na watu wa nchi za tambarare. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya tano. Ndege hapa yataka njia ndefu zaidi ya kuondokea. Anayeiga kila tarakimu ya video bila kufikiri atafika mwisho wa njia magurudumu yakiwa bado chini.

Liko neno moja zaidi, na ni zito. Michezo hii ni ya vita. Babu yangu alikuwa katika Vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979. Nilimwonyesha jinsi ninavyomfuata adui kwa nyuma na kumpiga. Alitazama kwa adabu, kisha akauliza, "Na huyo akianguka?" Nikasema, "Tunaanza upya, babu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Kule kwetu aliyeanguka hakuanza upya." Akanisimulia jinsi Machi 1979 ndege ya Libya, yenye marubani waliofunzwa na mitambo ya gharama, ilivyokuja kupiga Mwanza ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Sikuacha kupenda urubani, lakini tangu siku hiyo nimependa zaidi kutua kuliko kupiga. Na kwa kweli kutua ndiko kugumu.

Basi maoni yangu ni haya. Kwenu wanafunzi wenzangu: video moja na daftari hushinda video arobaini na blanketi. Tazama hatua moja, isimamishe, iandike, ifanye, kosea, uliza sababu, ifanye tena. Wala jambo hili si la ndege tu. Ni la jaribio la Kemia, la kushona, la kutengeneza pikipiki na la kupandikiza parachichi.

Kwenu waalimu: simu haziruhusiwi shuleni, nami sipingi, maana nimekwisha sema nilichofanya na simu. Lakini chumba chetu cha kompyuta hufungwa Jumamosi alasiri. Naomba kifunguliwe saa mbili kwa chama cha urubani wa kuigiza chini ya usimamizi wa mwalimu wa Fizikia. Masharti yawe makali: asiye na daftari asiingie, na aliyeshuka katika mtihani apumzike mpaka apande. Kazi ya kwanza ya chama iwe kuandika hatua za kuondoka na kutua kwa Kiswahili chepesi, kwa kuwa video karibu zote ni za Kiingereza cha haraka, na Kidato cha Kwanza huachwa nyuma.

Kwenu wazazi: mkimkuta mtoto amekaa juu ya kigoda anasema peke yake mbele ya katoni, msimcheke kama tulivyocheka sisi. Mwulizeni anafanya nini. Akiweza kueleza, anajifunza. Akishindwa kueleza, na bando limekwisha, hapo mna haki ya kuuliza habari za fedha ya mbolea.

Mimi fedha ile nililipa kwa kulima matuta ya viazi mpaka siku ya kurudi shule. Jioni nilikuwa nikioga, nikachukua daftari, nikakaa juu ya kigoda cha mdogo wangu. Siku ya mwisho ya likizo nilitua salama mara tatu mfululizo. Yeye alikwisha kutua mara tisa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano