Waya si waya tu: acheni kuunga sensa ya tanuri kwa waya wa taa

Ndugu mchoma matofali, kuna kauli moja inayokutia hasara: "Waya ni waya, mradi umeme unapita." Fundi akikuambia hivyo, mwambie asubiri kwanza.

Tuanze na ununuzi. Matofali ya udongo huiva kwenye nyuzi 900 hadi 1,000 hivi. Kile kipimo cha bei rahisi cha DS18B20, chenye waya tatu, mwisho wake ni nyuzi 125. Kinafaa kwa kiangulio cha mayai. Muuzaji anayekwambia kitapima tanuri anakuuzia majivu. Unachohitaji ni thamokapo aina ya K yenye ala ya chuma kinachostahimili moto, pamoja na mita ya aina hiyo hiyo ya K.

Sasa waya. Thamokapo ni nyaya mbili za madini tofauti. Hutoa umeme mdogo mno, kama sehemu 41 za milioni ya volti kwa kila nyuzi moja, na umeme huo hutokana na tofauti ya joto kati ya ncha iliyo motoni na mahali nyaya hizo zinapoishia. Ukirefusha kwa shaba, nyaya zimeishia kwenye kiungo. Kiungo kilicho ukutani mwa tanuri kikiwa nyuzi 80 na mita ikiwa kivulini nyuzi 30, mita itasoma pungufu kwa nyuzi 50. Tanuri limefika 950, wewe unaona 900. Unaongeza kuni. Kuni umenunua, matofali yanapinda, mteja anakataa, halafu unalaumu udongo!

Nunua waya wa kurefushia wa aina ya K. Usigeuze chanya na hasi, maana hapo kosa huwa maradufu: nyuzi 100. Wala usifuate rangi kwa mazoea. Kwenye mpango wa Marekani, nyekundu ni hasi. Kwenye mpango wa kimataifa, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Kwenye thamokapo yenyewe, tumia sumaku: waya unaonaswa ndio hasi.

Waya wenye ganda la plastiki uweke mbali na ukuta wa moto, na usiupitishe sambamba na waya wa umeme wa nyumba.

Wengine hujitetea: "Nimejaribu kwenye maji yanayochemka, kikasoma sawa." Jaribio hilo ni zuri, lakini ukiwa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, tegemea nyuzi 94 hivi, si 100. Na halifichui waya wa shaba, kwa sababu kiungo bado kimepoa. Ncha ikiwa bado majini, egemeza chupa ya maji ya moto kwenye kiungo. Namba ikishuka, ng'oa waya huo.

Utasema wazee walichoma kwa kutazama rangi ya moto. Kweli, na mzee anayejua rangi ni bora kuliko mita inayodanganya, kwa sababu yeye akiwa na shaka husema. Mita iliyoungwa vibaya haina shaka. Inaonyesha namba yake tu, nawe unaitii.

Basi kabla hujawasha tanuri lijalo, fuata waya kwa mkono kutoka ukutani hadi kwenye mita. Ukikuta shaba, usiwashe.