Mhadhara Huanza Kabla Mhadhiri Hajaingia

Mwanafunzi wa udaktari aingiapo ukumbini kwa mara ya kwanza ili afundishwe kazi ya figo, humiminiwa katika saa moja maneno mengi mageni: nefroni, glomerulo, ufyonzaji. Akiwa angali anahangaika kuandika majina, maelezo yenyewe humpita. Hutoka na daftari lililojaa, lakini asiweze kueleza alichosikia.

Jambo hili si uvivu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alieleza kwamba akili huweza kushika kwa muda mfupi mambo yapatayo saba tu. Mwaka 1960 mwenzake, David Ausubel, alionyesha kwamba wanafunzi waliosoma kwanza utangulizi mfupi wenye mawazo makuu walilielewa vyema zaidi somo geni juu ya chuma cha pua kuliko wale waliosoma historia yake tu.

Siku hizi intaneti yaweza kumfikishia mwanafunzi utangulizi wa namna hiyo siku mbili kabla ya mhadhara. Lakini kumpelekea sura nzima ya kitabu si kumtayarisha. Ni kumtwika mzigo. Kurasa mbili zatosha: mchoro wa nefroni, maneno kumi na maana zake, na swali moja. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, lakini mkojo huwa kiasi cha lita moja na nusu tu. Je, yaliyobaki huenda wapi? Aliyelala na swali hilo huamka na hamu ya jibu.

Yapo masharti mawili. Kwanza, mhadhiri asiyarudie yale yale. Akiyarudia, aliyesoma hujiona amepoteza muda wake, na asiyesoma hupewa tuzo. Pili, maandishi yawe mepesi kupakuliwa, kwani intaneti hununuliwa kwa fedha. Na nakala za karatasi ziwekwe maktabani, ili umaskini usigeuke kuwa ujinga.

Walimu wa sekondari nao wasingoje mitambo. Maneno matano na swali moja, yakiandikwa ubaoni siku moja kabla ya kipindi cha biolojia, hufanya kazi ile ile. Daktari atakayetutibu kesho yumo leo katika darasa hilo. Hatuna budi kumzoeza mapema kuja darasani akiwa na swali.