MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisiwa cha Boracay, nchini Ufilipino, wageni walikuja. Je, mwenyeji amepona?

Kisiwa hicho kina eneo la kilomita za mraba 10 hivi. Wenyeji wake wa asili ni Waati, na riziki ya kisiwa ilikuwa uvuvi na minazi. Katika miaka ya 1970 watalii walianza kuufuata mchanga wake mweupe. Kufikia 2017 walikuwa milioni 2 hivi kwa mwaka. Hoteli zikasongamana hadi ukingoni mwa maji, na baadhi zikamwaga uchafu wao baharini.

Serikali ikakifunga kisiwa kwa watalii tangu 26 Aprili hadi 26 Oktoba 2018. Majengo yaliyovamia ufuko yakabomolewa. Hatua hiyo ilistahili. Lakini bahari ilipokuwa ikitakaswa, maelfu ya wafanyakazi, wapishi na watandika vitanda, walipoteza ujira kwa uchafu ambao si wao walioutiririsha. Waati nao walipewa hati za ardhi Novemba 2018, na hati hizo zikapingwa baadaye na wengine wanaoidai ardhi hiyo.

Nchi yoyote inayofungua ufuko wake haina budi kujenga mifereji kabla ya hoteli, na kuulinda kwa sheria ujira wa mfanyakazi hoteli ifungwapo kwa kosa la tajiri. Bila hivyo mgeni atakuja, tajiri atapona, na mwenyeji atabaki na maradhi yake.