Gazeti si Tarumbeta la Kiongozi

Wapo viongozi ambao, wakisikia mwandishi wa habari amefika wilayani, huuliza jambo moja tu: amealikwa na nani? Kwao mwandishi ni mtu wa kufuata msafara, aandike kwamba mgeni rasmi amelakiwa kwa ngoma, amekata utepe na kuwaasa wananchi wachape kazi. Akiuliza fedha za mradi zimekwenda wapi, mara anageuzwa kuwa mchochezi asiye na uzalendo. Hiyo ni kasumba, na haina budi kupigwa vita.

Tuitazame Ngana, kata ya wilaya ya Kyela iliyo jirani na mto Songwe na mpaka wa Malawi. Mkulima wa kakao wa wilaya hiyo ana maswali matatu: mizani inasema kweli? Makato haya ni ya nini? Malipo yatafika lini? Kwa miaka mingi walanguzi wamemnunulia kakao ingali mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, wakimvizia wakati wa shida ya ada au ugonjwa. Unyonyaji huo huitwa njuti. Ushirika na minada ya ghalani viliwekwa ili kumkomboa. Lakini ghala nalo lina wakubwa wake, na wakubwa wasioulizwa maswali hawakawii kuwa kupe.

Kyela hiyo hiyo inatupa somo zito. Mwishoni mwa 2007 Bunge liliunda kamati teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond, mwenyekiti akiwa mbunge wa Kyela, Ndugu Harrison Mwakyembe. Februari 2008 taarifa ilisomwa bungeni, na Waziri Mkuu, Ndugu Edward Lowassa, akajiuzulu. Mwenyekiti alisifiwa, na alistahili. Lakini kabla ya kamati yalikuwapo magazeti yaliyouliza kampuni hiyo ni ya nani. Kazi ya kuuliza haikuwa lelemama siku zile: Januari 2008 mhariri wa MwanaHalisi, Ndugu Saed Kubenea, alivamiwa ofisini na kumwagiwa kemikali usoni.

Miaka tisa baadaye mbunge yule yule alikuwa Waziri wa Habari. Juni 2017 gazeti la Mawio likafungiwa miezi 24, baada ya kuwahusisha marais wastaafu wawili na mikataba ya madini. Septemba likafuata MwanaHalisi. Hatusemi haya kwa kumsuta mtu. Tunasema kwamba hata aliyepata sifa kwa kuuliza anaweza kuyachoka maswali akishakalia kiti, na kwa hiyo usalama wa mwandishi usitegemee hisani ya waziri. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilikuta vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hata hivyo magazeti hayo yalirudishiwa leseni Februari 2022 tu.

Wanaodai kwamba kukosoa viongozi ni desturi ya kigeni wamesahau historia. Serikali ilipolitaifisha gazeti la The Standard mwaka 1970, Mwalimu Nyerere aliliagiza liwe huru kukosoa vitendo vya kiongozi yeyote wa TANU au wa Serikali. (Agizo lilikuwa gumu hata kwa aliyelitoa: mhariri wa kwanza, Ndugu Frene Ginwala, hakutimiza miaka miwili kazini.)

Mwandishi naye asijitakase. Anayepokea bahasha ya mwenye ghala hawezi kuikagua mizani yake.

Lakini mwenye faili ni nani? Si mwandishi. Ni karani wa halmashauri, ni ofisa ushirika, ni mwalimu mkuu anayejua madawati mangapi yaliandikwa na mangapi yalifika. Mtumishi anayenyamaza huku akijua anamlinda mwizi kwa mshahara wa umma. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ipo tangu 2015. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo inaipa ofisi ya umma siku 30 za kumjibu raia aliyeomba taarifa. Ofisa anayemwambia mwandishi arudi wiki ijayo, na wiki nyingine tena, mpaka msimu wa kakao uishe, anaivunja sheria hiyo, naye atajwe gazetini kwa jina na cheo chake.